Mikono Isiyojua Moto

Bi Tatu alianza kwa kumlaumu muuza mkaa. Kwa muda sasa maji yake yalikuwa hayamtii. Anayaona yanachemka, mvuke unapanda mpaka kwenye bati, kifuniko kinacheza juu ya sufuria, lakini akitumbukiza mkono kuchovya taulo anakuta maji ya kunawia. Jambo hilo likamkera mpaka siku moja akajifunga kanga, akaenda kwa Bundala, anayeuza mkaa pale kona ya mtaa wao wa Ng'ambo.

"Bundala, huu mkaa wa mti gani?"

"Shikamoo mama. Huo umetoka Sikonge, mkaa mzito."

"Mzito wa vumbi. Maji yanachemka lakini hayapati moto."

Bundala akajikuna kichwa. "Mama, yakichemka si ndiyo yameshapata moto?"

"Wewe unayatazama. Mimi nayashika."

Nani wa kubishana na Bi Tatu juu ya maji ya moto? Bundala akamwongezea mkaa kwenye ndoo, Bi Tatu akarudi nyumbani na ushindi wake, na maji hayakubadilika. Baada ya mkaa akalaumu sufuria, akatafuta nyingine. Baada ya sufuria akalaumu maji ya bomba. Mwisho akawageukia wanawake anaowakanda, maana wazazi wa siku hizi walikuwa wakipiga kelele kuliko wa zamani, na ngozi zao, kwa maelezo yake, zimelainika kwa makorokoro ya dukani.

Asiyeijua kazi ya Bi Tatu aelezwe. Mwanamke akishajifungua, hasa uzazi wa kwanza, hukandwa. Taulo huchovywa kwenye maji ya moto, hukamuliwa, hugandamizwa tumboni, kiunoni na kwenye nyonga. Kisha yanakuja mafuta ya karanga, mzazi anachuliwa, halafu tumbo linafungwa mkaja barabara. Ni asubuhi na jioni, mpaka arobaini ikaribie. Manesi huikemea kazi hiyo, na wazazi huitikia "sawa nesi", wakifika nyumbani wanatengewa maji. Na mzazi hulia. Akilia, mkandaji anasema dawa inaingia. Asipolia, anasifiwa kwa ushupavu. Kati ya hayo mawili haikubaki nafasi ya mkandaji kuambiwa kwamba maji yamezidi moto, akasikia. Ndivyo Bi Tatu alivyomkuta mama yake akifanya, na mama yake alivyomkuta bibi.

Kwao wanadai kazi ilianza zama za misafara, bibi wa bibi alipokuwa akiwachua mabega wapagazi waliofika Kwihara wameinama kwa mizigo. Hakuna wa kulithibitisha hilo, na Bi Tatu mwenyewe aliisimulia habari hiyo kila mara kwa namna nyingine: leo mpagazi katoka Ujiji, kesho katoka Bagamoyo. Cha hakika ni kwamba mume wake alikuwa fundi wa reli, akafariki wakati mtoto wao wa pekee, Asmahani, yuko darasa la kwanza, na mikono ya Bi Tatu ndiyo iliyomsomesha binti huyo mpaka akawa mwalimu.

Mikono hiyo ilikuwa na sifa. Miaka ya karibuni sifa zilizidi, kwa sababu Bi Tatu alikuwa anaipua sufuria bila kitambaa na kugeuza chapati kwa vidole huku anaongea na wageni. Watu walishangaa, naye alipenda washangae. "Mikono ya Bi Tatu imekomaa," walisema. Hakuna aliyejiuliza, na yeye mwenyewe hakujiuliza, mbona ujanani, alipokuwa hodari kweli kweli, alikuwa anashika sufuria kwa kitambaa kama watu wengine.

Chumba cha uani alikuwa amempangisha Irankunda, binti wa Ulyankulu, mtoto wa wakulima wenye asili ya Burundi, Mkatoliki asiyekosa misa. Irankunda amesomea mambo ya viungo na masaji chuoni, na alikuwa na chumba chake cha kazi karibu na soko, chenye kitanda kirefu kilichotobolewa mahali pa kuweka uso. Kitanda hicho kilimpa Bi Tatu furaha kubwa. "Mwenzangu anakanda watu wanaochungulia sakafu," aliwaambia jirani. Kilichomchekesha zaidi ni kusikia kwamba Irankunda huwauliza wateja wake kila mara: nguvu inatosha? Hapa panauma? Nipunguze?

"Ukikanda unga wa chapati, unauuliza?" Bi Tatu alimwambia siku moja wakinywa chai, na chai ya Bi Tatu ilikuwa sukari tupu.

"Unga hauna mishipa ya fahamu, Bi Tatu."

"Ndiyo maana haulalamiki."

Irankunda alicheka. Walipendana, hawa wawili, kwa ule upendo wa kuchokozana. Ndiyo maana binamu yake Jeska alipojifungua hapo mjini, mama mzazi wa Jeska akiwa Ulyankulu na mashamba yamembana, Irankunda alimleta kwa Bi Tatu bila wasiwasi.

"Bibi, yananiunguza," Jeska alisema taulo lilipomgusa tumbo.

"Yanakutibu."

"Bibi, yananiunguza kweli."

Bi Tatu akatumbukiza mkono ndani ya sufuria mpaka kwenye kifundo, akautoa, akamwonyesha. "Haya, mimi ni mtu au ni chuma?"

Jeska akauma ncha ya kanga, akanyamaza. Bi Tatu akamsifu, akaendelea.

Kesho yake alikuja mume wa Jeska, Fideli, kijana mtaratibu anayechomelea mageti. Alitoa shikamoo, akaketi, akauliza hali ya nyumba, ndipo akasema kwamba tumbo la Jeska limejaa malengelenge, ngozi imebambuka, na wametoka kuoshwa kidonda zahanati. Hakupaza sauti. Afadhali angegomba, Bi Tatu angejua la kumjibu. Bi Tatu akasema labda ni mafuta, wengine ngozi zao hazipatani na karanga. Fideli akaitikia kwa kichwa, akaaga.

Alipoondoka, Bi Tatu alibaki amesimama jikoni. Kama maji yalikuwa ya moto kiasi hicho, mbona mkono wake uliozama humo haukuuma? Na kama hayakuwa ya moto, ngozi ya Jeska imevuliwa na nini? Akaigeuza ile hoja huku na huku, na kila upande ulikuwa na haki yake. Akafikiri juu ya jicho la watu. Mjini wapo wenye husuda, na kazi yake ilikuwa inaonekana. Akapanga kwenda kusomewa dua.

Jioni Irankunda akaja. Safari hii hakucheka.

"Bi Tatu, juzi uliingia ndani na kandambili moja. Nyingine uliiacha njiani."

"Iliteleza."

"Ulitembea nayo moja kutoka dukani. Hukujua mpaka mtoto wa jirani alipokuletea."

"Mawazo."

"Nipe mikono yako. Fumba macho."

Bi Tatu alifumba, kwa shingo upande. Irankunda akapitisha pamba juu ya vidole, akauliza kama anaisikia. Anaisikia, kwa mbali. Akabonyeza kwa kifuniko cha kalamu. Bi Tatu akataja kidole na upande wake bila kukosea. Kisha kikamgusa kiganjani kijiko.

"Cha moto au cha baridi?"

"Cha baridi."

"Na hiki?"

"Cha baridi."

"Na hiki?"

Bi Tatu akasita. Akagundua kwamba alikuwa anabahatisha, tena tangu cha kwanza. Alipofumbua macho aliona vijiko viwili, kimoja kimetoka kwenye maji ya mtungini, kingine kwenye chai, na kile alichokuwa ametoka kukiita cha baridi ndicho cha chai.

Irankunda alimweleza taratibu. Ngozi inapokea mambo mengi, na kila jambo lina mishipa yake ya fahamu. Kubonyezwa kuna yake, mtetemo una yake, moto una yake, baridi ina yake, maumivu yana yake. Hata kupapaswa polepole, vile mama anavyompapasa mtoto mgongoni, kuna mishipa yake. Hiyo haina haraka, na kazi yake kubwa ni kukutuliza. Sasa ile miembamba, ya moto na maumivu, mara nyingi ndiyo inayotangulia kuharibika, hasa sukari ikizidi mwilini. Huanzia miguuni, ikapanda, ikafika mikononi.

"Ni kama umeme wa hapa kwako," alisema. "Taa ya sebuleni inawaka, jikoni giza, na nguzo ni ile ile."

"Mbona mikono yangu bado inajua?" Bi Tatu akamshika bega, akatembeza dole gumba, akasimama mahali. "Hapa pana fundo. Umekuwa ukilalia upande huu."

Irankunda akaruka kidogo, maana palikuwa panauma tangu juzi. "Ni kweli. Hilo umelijua kwa kubonyeza, na kubonyeza bado unako."

"Basi mikono hii inasema kweli na inasema uongo."

"Haisemi uongo. Habari za moto haizipati tena, basi."

Bi Tatu alikasirika, wala hakujua anamkasirikia nani. Angefurahi zaidi kuambiwa amerogwa. Mchawi hutafutwa, mtu husomewa, jambo likaisha. Lakini mikono iliyogawanyika, nusu yake mjuzi na nusu yake mjinga, unaifanyaje? Unaiamini asubuhi na kuishuku jioni?

Hospitalini walipima, wakakuta sukari iko juu sana. Wakampa vidonge, wakamkataza chai yake ile, wakamwambia akague miguu kila siku. Aliuliza kama moto utarudi mikononi. Daktari akasema huenda, huenda usirudi. Bi Tatu aliondoka na jibu hilo kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine.

Alikwenda kwa Jeska kuomba radhi. Njiani aliyapanga maneno yake vizuri, lakini alipoliona lile tumbo lililofungwa bandeji akajikuta anaeleza habari za vijiko, na taa ya sebuleni, na pamba. Jeska alisikiliza mpaka mwisho, hakuelewa hata kidogo, akasema, "Basi bibi, yamepita." Bi Tatu akarudi nyumbani akilia, hakumbuki mara ya mwisho alilia lini.

Na Asmahani alikuwa njiani. Alikuwa anafundisha Choma, kule Igunga, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekomaa. Kwa desturi, uzazi wa kwanza huenda kwa mama. Bi Tatu alikuwa amewakanda mabinti wa watu tangu wake akiwa mgongoni, na siku zote alijua kwamba ipo siku atamkanda wa kwake. Mkaja wake ulikuwa sandukuni, umefukizwa udi. Alikuwepo mkandaji mwingine, Tunu, upande wa pili wa mtaa. Lakini kumtia Asmahani mikononi mwa Tunu? Watu wangesema nini? Na yeye mwenyewe angekaa wapi wakati Tunu anaingia chumbani? Uani na kuku?

"Acha maji," Irankunda alimshauri. "Mafuta yanatosha, na mikono yako ya kuchua haijapotea. Ukishindwa kabisa kuacha, basi yawe ya uvuguvugu, na umuulize."

"Nimuulize mwanangu?"

"Wote huulizwa, Bi Tatu."

"Nitapima kwa kiwiko, kama maji ya mtoto mchanga."

"Pima. Lakini muulize."

Asmahani alijifungua mtoto wa kike. Nesi wa zamu alimwambia Bi Tatu kwamba hajaona mzazi wa kwanza aliyejifungua kimya namna ile. Zamani sifa hiyo ingemfanya Bi Tatu ajigambe mtaa mzima. Sasa ilimtia hofu. Alikuwa amesahau jambo hili. Binti yake halii. Alikuwa mdogo alipoteguka mguu, Bi Tatu akauchua mpaka jirani wakaziba masikio kwa kusubiri yowe, na yowe halikuja. Mama mtu akawatembezea watu habari hiyo kwa mwaka mzima. Hakuna mwanamke Ng'ambo nzima ambaye angeweza kuunguzwa bila kusema ila huyu, na huyu amemfundisha mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, Bi Tatu alitenga maji. Akaweka kiwiko: moto. Akaweka mkono: hakuna kitu. Akaongeza ya baridi. Kiwiko kikasema sawa, lakini moyo ukasema maji ya hivi yatamsaidia nani, akaongeza kata moja ya moto, akapima, akaona yamepoa mno, akaongeza nyingine. Hapo kichanga kikalia, akaenda kukitazama, akarudi, na hakukumbuka tena kama alikuwa amepima kabla ya kata ya mwisho au baada yake. Akachovya taulo. Akalikamua. Mikononi mwake lilikuwa taulo tu, lenye uzito wa maji.

Akaliweka tumboni kwa binti yake.

Asmahani alitazama dari.

"Moto?" Bi Tatu aliuliza. Neno lilimtoka kwa shida, kwa kuwa hakuwahi kulisema kwa mzazi yeyote.

"Kawaida, mama."

Sauti ilikuwa ya kawaida. Uso ulikuwa wa kawaida. Bi Tatu karibu aligandamize taulo, ndipo macho yakamwangukia miguuni, akaona vidole vya Asmahani vimejikunja vyote. Akalinyakua taulo, akalitupa sakafuni. Pale lilipokaa, ngozi ilikuwa nyekundu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimekosa nini mama?" Asmahani aliinua kichwa, ameduwaa. "Si ulinifundisha mtu asiseme?"

Bi Tatu akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amepanga kuificha habari hii mpaka arobaini ipite. "Mikono yangu haijui moto," alisema. "Nimeugua. Nimemuunguza mtoto wa watu na nikamsifu kwa kunyamaza. Nakuomba Asma, wewe ndiye utakayenijulisha. Kikikuuma, piga kelele. Mtaa mzima usikie, sijali."

Asmahani aliichukua mikono ya mama yake, akaigeuza viganja juu, akaitazama kama mwalimu anayekagua usafi wa mwanafunzi. Akaona alama za zamani na mpya, za sufuria na za chapati, nyingine Bi Tatu mwenyewe hakuwa anazijua.

"Basi tuanze upya," alisema.

Bi Tatu akaongeza maji ya baridi, akarudi na taulo. "Moto?"

"Moto."

Akaenda, akaongeza, akarudi. "Na sasa?"

"Bado, mama. Moto."

Mkono wake ulimwambia yamepoa kabisa, tena yanatia aibu. Ulimwambia kwa uhakika ule ule uliomwambia siku zote. Akaukatalia, akaenda kuongeza ya baridi. Kulipokucha vizuri maji yalikuwa hayana maana tena kwa ukandaji wowote anaoujua, naye akaiacha sufuria, akachukua mafuta.

Akaanza mgongoni, polepole, kutoka mabegani kushuka kiunoni. Alisikia misuli ilipobana, akaingojea ilegee, ikalegea. Hapo hakuhitaji kuambiwa. Lakini aliuliza hata hivyo: hapa sawa? Na hapa? Asmahani akaitikia mara ya kwanza na ya pili, kisha akaacha kuitikia. Bi Tatu akasimamisha mikono. Bega lilikuwa linatikisika. Akainama kumtazama usoni, akakuta machozi yamelowesha mto.

"Nimekuumiza?"

"Hapana."

"Mafuta ya moto?"

"Hapana mama, siyo ya moto."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui," Asmahani alisema. "Endelea tu."

Bi Tatu hakujua la kufanya na kilio cha namna hiyo. Wanawake wote waliowahi kulia mikononi mwake walilia kwa maji, na yeye alijua jibu lake. Akaangalia mikono yake, inang'aa mafuta, haikumwambia lolote. Akairudisha mgongoni kwa mwanawe, akaendelea kumpapasa, taratibu, huku anauliza kila anapofika, hapa je, na hapa, na Asmahani analia kwa sauti mpaka kuku uani wakanyamaza kumsikiliza.